Mwiteni Mkaidi, Kisha Mniambie Imesaidia Nini

Nashukuru, mwenyekiti. Usonji, yaani ile hali ya kuzaliwa inayoitwa autism, inayogusa namna mtu anavyowasiliana na wenzake, ni nini sitaeleza kwa kirefu. Msemaji aliyenitangulia ameufafanua vizuri, na nusu yenu humu ukumbini mnaishi nao nyumbani. Mimi nimeombwa niseme juu ya kundi moja ndani ya usonji, na nadhani ndilo linalotupiwa lawama kuliko mengine yote: wale ambao ukiwaambia wafanye jambo, hawafanyi. Ukiwabembeleza, hawafanyi. Ukiwaahidi zawadi, wanaitazama kwa uchungu, na bado hawafanyi. Wataalamu wanaita hali hii kukwepa matakwa kupita kiasi, au kwa herufi tatu za Kiingereza, PDA (Pathological Demand Avoidance). Aliyeipa jina ni Elizabeth Newson, mwanasaikolojia wa watoto aliyefanya kazi Nottingham, Uingereza, katika miaka ya 1980. Alikuwa akiletewa watoto waliokumbusha usonji lakini hawakuingia sawasawa kwenye maelezo yake ya wakati ule: wachangamfu, wasemaji, hodari wa kuigiza, anakutazama usoni huku anakueleza kwa nini leo haiwezekani. Makala yake inayonukuliwa zaidi ilitoka 2003.

Basi. Nianze na viatu. Wanaonifahamu wameshaanza kucheka; ndiyo, viatu tena. Nitaacha kuvisema siku watu watakapoacha kuniuliza kwa nini mtoto huyu asichapwe tu.

Mtoto wa kiume, miaka saba. Wiki nzima anaulizia bwawa la kuogelea. Siku yenyewe imefika, amelala na nguo ya kuogelea mwilini, ameamka kabla ya wote. Begi liko mlangoni, taulo ndani. Mama anasema, kwa upole kabisa, "Haya baba, vaa viatu twende."

Mtoto anasema miguu yake imekufa. Anaanguka sakafuni, anajikokota kwa viwiko. Mama anacheka, anarudia. Sasa mtoto ni papa, yule samaki wa baharini, na papa hawavai viatu. Mama anarudia. Mtoto anauliza kwa nini soli za viatu zina mistari. Swali zuri! Mama anajibu, dakika zinakwenda, anarudia, na safari hii sauti imepanda kidogo tu. Viatu vinanuka, anasema mtoto. Halafu mama ananuka. Mama naye ni binadamu, anatoa lile neno ambalo kila mmoja wetu angelitoa: "Usipovaa sasa hivi, hatuendi."

Kiatu kimoja kimegonga ukuta. Mtoto yuko chini ya meza, anapiga mayowe, anajiuma mkono. Na ukisikiliza vizuri yale mayowe, analilia nini? Analilia bwawa.

Hapo naomba tukae kidogo, msinikimbize. Mkaidi wa kawaida, yule tunayemjua sote, anakataa ili apate kitu: aendelee kucheza, asile asichopenda, akuonyeshe nani mkubwa. Huyu amekataa akakosa kitu alichokitaka kuliko vyote. Faida iko wapi? Mwenye kumwita mkaidi anieleze hesabu yake. Nimeuliza swali hili mbele ya walimu, mbele ya wachungaji, mbele ya mababu wenye bakora, na jibu ninalopata ni, "Ana kichwa kigumu." Hilo ni neno lilelile la ukaidi, limebadilishwa nguo tu.

Kinachoonekana kwa watoto hawa, na kwa watu wazima wanaoweza kujieleza wenyewe, ni wasiwasi. Agizo linapoingia, hata agizo tamu, wao wanachokihisi ni kwamba mwingine ameshika usukani, na mwili unalipokea hilo kama hatari. Mfikirie kama jengo lenye king'ora cha moto kilichotegwa kikali mno: ukiwasha njiti moja ya kibiriti, jengo zima linalia. Huwezi kukikaripia king'ora kikanyamaza. Unapunguza moshi.

Sasa rudini kwa papa na miguu iliyokufa. Watu wanaruka sehemu hii, wanaona vituko. Mimi naona mtoto aliyejitahidi sana. Alipoona hawezi, alitafuta njia za amani kwanza: udhuru, mchezo, mazungumzo. Newson aliliona hilo, kwamba watoto hawa hukwepa kwa mbinu za kijamii, na aliziorodhesha mbinu zao moja moja. Matusi na kiatu vilikuja mwisho, baada ya milango yote kufungwa, na hapo mtoto hakuwa akichagua tena chochote. Ile ni hofu. Ukitaka kumsaidia, msaidie akiwa bado papa. Akishafika chini ya meza umechelewa, na kazi yako imebaki moja: punguza maneno, ondoa watu, ondoa vya kuumizia, subiri. Na tafadhali, akishatulia, usimwambie "Sasa omba msamaha." Hilo nalo ni agizo, tena linakuja akiwa hana nguvu hata ya kusimama. Atakuja mwenyewe baadaye, pengine kwa kukuletea kitu au kukaa karibu nawe bila kusema. Pokea.

Mama yule alifanya nini safari iliyofuata? Hakwenda kozi yoyote. Alikaa sakafuni mlangoni, akachukua kiatu cha mtoto, akaanza kukisukumiza mguuni mwake mwenyewe, huku ananung'unika peke yake: "Sijui kiatu kimesinyaa au mguu wangu umevimba." Hakumtazama mtoto hata kidogo. Mtoto akaja mbio, akamnyang'anya: "Mama, hiki changu!" Akavaa, na cha pili pia. Halafu mama akafanya lililo gumu kuliko yote. Akanyamaza. Hakusema, "Umeona! Kumbe unaweza!" Kwa watoto wengi sifa ni sukari. Kwa huyu, sifa ya mbele za watu mara nyingi ni deni: umefanya leo, basi kesho tunakutarajia. Wapo wanaolichana karatasi la mchoro wao mzuri mara tu linaposifiwa, na mwalimu anabaki ameshika tama.

Najua mnachofikiria. Mbinu imepatikana, tuandike, twende nyumbani. Safari ya tatu mama alikaa tena mlangoni na kiatu, mtoto akamwambia, "Usinifanyie mchezo wa kiatu." Ilikuwa imekufa. Ndivyo ilivyo. Mbinu yoyote ikizoeleka, mtoto anaisoma, anaona agizo lililojificha ndani yake, na mnarudi mwanzo. Siku hiyo alikwenda bwawani pekupeku, viatu mfukoni. Na nani aliumia? Ni bwawa. Wote walikuwa pekupeku.

Hapo pana mzee mmoja anatikisa kichwa. Nakusoma, mzee wangu. Unataka kuniambia samaki mkunje angali mbichi, na kwamba dunia haitambembeleza. Dunia haitambembeleza, nakubali. Ila niambie, mtoto aliyekunjwa kwa nguvu kila asubuhi kwa miaka kumi anafika duniani akiwa na nini? Kutokana na ninayoyaona, anafika bila shule, maana amegoma kabisa kutoka chumbani, na bila kumwamini mtu mzima yeyote. Nani basi atamfundisha hiyo dunia? Na sisemi nyumba iwe haina sheria. Yapo yasiyojadilika: barabara, moto, dawa, kumpiga mwenzio. Yachague yawe machache, yashike kweli, na sababu itoke kwenye jambo lenyewe isitoke kwenye cheo chako. "Magari hapa hayasimami" inapita mahali ambapo "kwa sababu mimi ndiye baba yako" inagonga ukuta. Mengine yote, mswaki kabla au baada ya chai, soksi zinazofanana au la, yaache. Utashangaa ni mangapi tunayapigania kwa sababu tu tumeshayasema.

Mwingine anasema, nani anapenda kuamrishwa? Hata mimi sipendi! Sawa, na mimi pia. Nina barua ya kodi mezani siifungui. Lakini wewe ukisikia njaa unakula. Watu hawa wanasimulia kwamba njaa yenyewe ni agizo, haja ndogo ni agizo, usingizi ni agizo, mwili unawaamrisha nao wanaukatalia mpaka unaanguka. Swali ni agizo. "Habari za shule?" ni agizo. Sikukuu ni agizo kubwa kuliko yote, maana siku nzima unatakiwa ufurahi.

Kwa hiyo lugha. Hili naomba mlichukue leo hata kama mtasahau mengine. Badala ya kumwelekezea mtoto kidole cha maneno, weka habari hewani: "Naona mvua inakaribia." "Mimi hili begi limenishinda zipu." "Maji ya kuoga yako tayari, yatapoa baadaye." Kisha geuka, nenda zako, mpe muda. Muda wa kweli, si wa kuhesabu moja mpaka tatu. Moja mpaka tatu ni amri yenye saa. Na ukitoa chaguo, "nyekundu au bluu?", kubali kwamba wengine watasema kijani. Kijani ni jibu.

Nikifika kwenye nyota napandwa na hasira, nitajizuia. Ile karatasi ukutani, ukivaa nyota, ukipiga mswaki nyota, nyota kumi unapata zawadi. Inasaidia watoto wengi, sibishi. Kwa huyu umechukua mambo ambayo yalikuwa yanapita kimyakimya, umeyageuza kuwa maagizo kumi yaliyobandikwa, yanamkodolea macho mchana kutwa, tena mbele ya ndugu zake. Halafu anakosa nyota. Halafu tunasema hana ari! Zawadi na adhabu vinafanya kazi pale mtu anapoweza na hataki. Asiyeweza unamwongezea kushindwa juu ya kushindwa.

Mtaniuliza cheti cha daktari cha kuthibitisha hali hii kinapatikana wapi. Sehemu nyingi hakipatikani, na niwe mkweli: hali hii haimo kama utambuzi unaojitegemea katika DSM-5, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa 2013, wala katika ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022. Watafiti wanavutana. Wengine wanaiona kama sura moja ya usonji, wengine wanasema ni wasiwasi uliojengeka juu ya usonji. Damian Milton, msomi wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, amehoji kama ni ugonjwa hata kidogo, au ni mtu anayetetea uhuru wake mbele ya watu wasiomwelewa. Hoja yake ninaiheshimu, na nadhani wazazi mngefaidika kuisikia kabla hamjaambiwa kwamba mtoto wenu ana kitu cha kung'olewa. Lakini mzazi mwenye mtoto chini ya meza leo jioni hawezi kusubiri wanazuoni wamalize. Kubadilisha namna ya kusema hakuhitaji cheti cha mtu.

Dakika tano? Mwenyekiti, umesema kumi. Haya.

Shule, kwa haraka. Wapo wanaojibana darasani kutwa nzima, watiifu, wasafi, mwalimu anawasifia, kisha wanalipukia nyumbani hata begi halijatuliwa. Mwalimu anamwambia mama, "Kwangu hana shida, labda ni malezi." Walimu, msiliseme neno hilo. Kujibana kuna gharama, na anayelipa yuko nyumbani. Mpe kiti karibu na mlango, mpe ruhusa ya kutoka bila kuomba mbele ya wenzake, uliza swali kwa darasa zima badala ya kumtaja, na umpate mtu mzima mmoja anayemwamini. Huyo mmoja atafanya kazi kuliko mikutano yenu yote. Wasichana pia: kundi la Newson lilikuwa na wasichana kama wavulana, sasa sijui kwa nini kila ninayeletewa ni mvulana. Najua, kwa kweli. Msichana tunasema ana kiburi, au ni mwenye aibu, tunampita.

Watu wazima nilitaka niwape nusu saa, sina. Wamo humu. Mtu ana kazi anayoipenda, amekaa mbele yake, mikono haiendi, maana tangu aseme "nitafanya" imekuwa amri hata kama ameitoa mwenyewe. Anaitwa mvivu na anajiita mvivu. Wengine wameniambia kinachowasaidia ni kujiachia mlango wa kutofanya, kuanzia katikati badala ya mwanzo, au kuifanya kama mzaha. Mwenzi wake, punguza kukumbusha. Amekumbuka, na kukumbuka kwenyewe ndiko kunakombana.

Nilikuwa na la kulala usingizi na la dawa. Ya dawa muulizeni daktari, la usingizi nitafuteni nje. Maswali sasa. Tuanze na yule mama wa nyuma, amenyoosha mkono tangu nilipozigusa nyota, na sura yake inaniambia anazo ukutani.