Mtazame Mgongo na Mabawa: Kumtambua Inzi wa Embe kwa Picha

Ndugu zangu wakulima, shikamooni wakubwa zangu. Kila msimu wa embe naletewa picha za simu: embe limeoza, ndani funza, na swali, "Huyu ni inzi gani?" Kwa picha ya simu, funza wa inzi hawa wanafanana mno. Nileteeni inzi mwenyewe.

Tazameni picha ya huyu hapa ukutani. Nasikia mnasema nyigu. Hesabuni mabawa: nyigu ana manne, huyu ana mawili. Sasa njooni mgongoni. Kifuani kuna mistari miwili ya manjano, mmoja kila upande. Tumboni, weusi umechora herufi T. Mabawa ni maangavu, yana ukingo mwembamba mweusi mbele. Huyu ndiye Bactrocera dorsalis, mgeni kutoka Asia, aliyegunduliwa pwani ya Kenya mwaka 2003, na Tanzania mwaka huohuo. Wataalamu walimdhania spishi mpya, wakampa jina Bactrocera invadens mwaka 2005. Mwaka 2015 ikathibitika ni dorsalis yuleyule. Rangi ya kifua isiwadanganye: wapo weusi tii, wapo wa hudhurungi, na wote ni yeye. Mkiona mstari wa tatu wa manjano katikati ya mgongo, huyo ni inzi wa matikiti na maboga.

Mwenyeji wetu wa Afrika, Ceratitis cosyra, mabawa yake yana mikanda ya manjano iliyokolea, na kifua chake kina madoa meusi. Picha iliyoonyesha bawa vizuri inatosha kuwatenganisha hawa wawili.

Basi mkimpata inzi, mtieni kwenye kichupa, kichupa jokofuni dakika chache, atulie. Mlazeni juu ya karatasi nyeupe, kivulini penye mwanga, bila flashi maana inafuta mistari. Picha moja kutoka juu, nyingine ubavuni, rula pembeni.

Nasisitiza hili kwa sababu ya mitego. Methili eujenoli, chambo cha harufu kinachowekwa mtegoni, huita madume ya dorsalis, cosyra haifuati. Mkulima anaona mtego mtupu, anashukuru Mungu, kumbe embe zinatobolewa juu ya kichwa chake. Hilo linaniuma sana. Chambo cha protini huwavuta wote wawili, majike kwa madume.

Aliye na picha simuni aje mbele. Tutaanza na mabawa.