Filamu ya Vita Isiyo na Stelingi

Asanteni sana, karibuni tukae. Najua wengi mmekuja kuendeleza ubishi wa wiki iliyopita, ule ulioanza mara tu taa zilipowashwa baada ya The Thin Red Line. Wapo waliosema hawajaona picha ya vita nzuri kama ile. Wapo waliosema wamelala, wakaamka, wakakuta majani bado yanapepea.

Ubishi huo si wenu peke yenu. Filamu ilitoka Desemba 1998, na Terrence Malick, muongozaji wake, alikuwa hajatoa filamu yoyote kwa miaka 20. Februari 1999 ilichukua Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin. Mwezi uliofuata ilikwenda kwenye tuzo za Oscar ikiwa imependekezwa katika vipengele saba, ikarudi mikono mitupu. Hata wahakiki wawili waliozoeleka kuonekana pamoja kwenye televisheni ya Marekani waligawanyika: Gene Siskel aliiweka juu ya filamu zote za vita za zama zake, Roger Ebert akaona kwamba waigizaji wanaigiza filamu moja na muongozaji anatengeneza nyingine.

Maelezo ya haraka ni kwamba filamu inakwenda polepole, na kwamba wenye subira wanaipenda, wasio na subira wanaichukia. Siyakubali. Kwanza yana dharau ndani yake. Pili, si kweli kwamba filamu nzima inakwenda polepole.

Chukueni sehemu ya kile kilima. Tuko kisiwa cha Guadalcanal, katika Visiwa vya Solomon, kwenye mapigano ya Wamarekani na Wajapani kisiwani humo, yaliyoanza Agosti 1942 na kumalizika Februari 1943. Kikosi kimeshuka ufukweni bila kupigwa hata risasi moja, na mtazamaji aliyekaza misuli akisubiri mlipuko anaachwa na misuli yake. Kisha inakuja asubuhi ya kupanda. Luteni anawaonyesha askari wawili kwa mkono watangulie. Wanainuka, wanapiga hatua chache kwenye nyasi ndefu, milio miwili, wameanguka. Basi. Hakuna muziki wa kutuambia tusikitike, hatukupewa hata nafasi ya kuyajua majina yao. Kisha wingu linasogea na mwanga wa jua unafagia kilima kizima, nyasi zinang'aa kama hakuna kilichotokea. Baada ya hapo ndipo mauaji yanapoanza sawasawa, na yanaendelea kwa muda mrefu kuliko mapigano mengi mliyowahi kuona kwenye sinema. Nahodha Staros anakataa kwa simu amri ya Kanali Tall ya kuwapeleka watu wake moja kwa moja kwenye bunduki za Wajapani. Atakayesema hakuna kisa humo, namwomba airudie sehemu hiyo ya simu tu.

Kinachowaudhi watu ni kitu kingine: filamu hii haina stelingi. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tunaijua sheria. Stelingi anatambulika mapema, na stelingi hafi, au akifa basi afe mwishoni, kwa sababu inayoeleweka. Marehemu Lufufu alipokuwa anatutafsiria picha, kazi yake haikuwa kutafsiri maneno tu, alitushika mkono asije mtu akapotea. Sasa jiulizeni angeifanyaje hii. Woody Harrelson, sura ambayo kila mtu anaijua, anachomoa kwa bahati mbaya pini ya bomu la mkono lililo kiunoni mwake, anakufa polepole huku anaomboleza ujinga wake. John Travolta anazungumza kidogo mwanzoni, basi. George Clooney, ambaye jina lake lilitumika kuiuza filamu, anakuja dakika za mwisho, anatoa hotuba fupi, anapotea. Mtu aliyelipa kiingilio kwa ajili ya Clooney ana haki ya kununa, na mimi siwezi kumwambia hajui sanaa.

Tena stelingi alikuwepo. Kitabu cha James Jones cha 1962 ndicho chanzo cha filamu hii, na Jones mwenyewe alipigana Guadalcanal akajeruhiwa huko. Kwenye muswada wa filamu, Koplo Fife alikuwa miongoni mwa watu wakuu wa kisa. Adrien Brody alimwigiza akiamini amebeba filamu mabegani, kisha alipokaa kuitazama ikiwa imekamilika akajikuta amebakiwa na macho yenye hofu na maneno ya kuhesabika. Toleo la kwanza la uhariri lilikuwa na saa kama tano. Katika kulipunguza hadi chini kidogo ya saa tatu, Malick na wahariri wake hawakupunguza nyasi wala ndege. Walipunguza watu. Bill Pullman na Mickey Rourke walirekodiwa, hamkuwaona. Kwa hiyo tunapobishana, tunabishana juu ya uamuzi uliofanywa kwenye chumba cha uhariri, na wanaochukizwa wameona kweli kilichoondolewa.

Mwezi Julai wa mwaka huo huo, 1998, Steven Spielberg alikuwa ameshatoa Saving Private Ryan. Humo kuna nahodha mmoja, kazi moja, na kila anayekufa unajua amekufa kwa ajili ya nini. Iliingiza takriban dola milioni 480 duniani, wakati ya Malick haikufika milioni 100. Ni filamu nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini mtazamaji wa Januari 1999 aliingia ukumbini akiwa bado na ile kichwani.

Mahali pa stelingi, Malick ameweka sauti. Askari mmoja baada ya mwingine anawaza kwa sauti: juu ya Mungu, juu ya mke, juu ya mama aliyekufa. Sauti zinafanana, na hapo ndipo wengi hupotea. Ile inayofungua filamu, wengi wenu mlidhani ni ya Witt, yule askari mtoro tunayemkuta mwanzoni akiishi na wenyeji wa kisiwa. Siyo. Ni ya Train, yule kijana mwoga wa melini anayemweleza Sajini Welsh kwamba anaogopa kufa, ambaye karibu humwoni tena. Mawazo mazito kuliko yote amepewa mtu ambaye kwenye picha nyingine angekuwa wa kuuawa dakika ya kumi. Mimi niko upande wa wanaoipenda hasa kwa sababu hiyo. Vita havichagui stelingi.

Nakubali, saa ya mwisho inachosha. Kilima kimeshatekwa, Staros ameshaondolewa na kuahidiwa nishani ili anyamaze, Bell amepata barua ya mkewe anayetaka talaka, na filamu inazunguka ikitafuta pa kutua. Ningekuwa mhariri ningekata dakika 20 hapo. Lakini nisingegusa kambi ya Wajapani waliokonda, wanaolia na kusali, kwa sababu Guadalcanal njaa na maradhi viliwaua wengi wao kuliko risasi.

Lipo jambo ambalo pande zote mbili wiki iliyopita zililipita. Sauti ya ndani wamepewa Wamarekani wengi. Hata juu ya uso wa Mjapani aliyekufa, uliofukiwa nusu kwenye udongo, tunasikia sauti. Wenyeji wa kisiwa je? Wanaogelea, wanaimba vizuri mno, mama mmoja anazungumza kidogo na Witt. Wanachowaza hatukisikii.

Na walikuwa na ya kuwaza. Jacob Vouza, sajini meja mstaafu wa polisi wa Visiwa vya Solomon, alikamatwa na Wajapani Agosti 1942, akafungwa kwenye mti, akachomwa kwa singe, akajinasua na kwenda kuwaonya Wamarekani kabla ya shambulio. Maelfu ya wenzake walibeba mizigo katika kikosi cha vibarua, na kutoka humo likazaliwa Maasina Ruru, vuguvugu la wenyeji kudai kujitawala, lililowasumbua Waingereza, watawala wa visiwa hivyo, baada ya vita. Askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, kutoka Kenya, Uganda na Tanganyika, waliopambana na Wajapani hao hao katika bonde la Kabaw, Burma, mwaka 1944, wangeelewana nao bila mkalimani. Malick aliwaona watu hawa kama pepo ambayo askari anaikimbilia. Filamu inayothubutu kumwondoa stelingi ili kila mtu asikike, imewaacha wenye nchi nje ya hesabu, na hilo linanisumbua kuliko majani yote yanayopepea.

Naona mikono imeshainuka. Tuanze na dada pale dirishani.