Albumini 22: Ini au Figo?

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tunaanza na karatasi ya majibu. Albumini, protini kuu ya damu inayoshikilia maji ndani ya mishipa, ni 22, wakati kawaida ni gramu 35 hadi 50 kwa lita. Mgonjwa kavimba miguu, tumbo limejaa maji. Dokta Baraka, ini hilo?

BARAKA: Sisemi kitu mpaka nione mkojo. Albumini hutengenezwa na ini, kama gramu 10 hadi 15 kwa siku, lakini ikipungua si lazima ini limeshindwa. Huenda inavuja. Chovya kijiti kwenye mkojo. Ukikuta protini +3 au +4, nenda kwenye figo.

ZUHURA: Kiwango cha protini kwenye mkojo kinachotisha?

BARAKA: Zaidi ya gramu 3.5 kwa saa 24, kwa mtu mzima. Na haitoki albumini peke yake. Antithrombini, inayozuia damu kuganda ovyo, inatoka pia. Kwa hiyo mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, usipite ukisema "ni maji tu". Tafuta damu iliyoganda kwenye vena.

ZUHURA: Kwetu maabara, elektroforesisi, kipimo kinachotenganisha protini za damu kwa makundi (albumini, alfa, beta, gamma) kwenye mchoro, inatofautisha hata kwa macho. Figo zikivuja, albumini inashuka na alfa-2 inasimama juu, kwa sababu makroglobulini, protini ya kundi hilo, ni kubwa mno kupita kwenye chujio la figo. Ya sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, ni nyingine: gamma imepanda, na lile bonde kati ya beta na gamma limefukiwa.

BARAKA: Ila kama ini limeumia juzi, albumini haikuambii kitu. Huchukua karibu siku 20 nusu yake kuondoka kwenye damu. Aliyezidisha parasetamoli anaweza kuja na albumini 40 huku ini linakufa. Huyo mpime INR, kipimo cha muda wa damu kuganda.

ZUHURA: Haya, na yale maji ya tumboni?

BARAKA: Pima albumini ya damu na ya maji siku hiyohiyo, kisha toa ya maji kwenye ya damu. Tofauti ikiwa gramu 11 kwa lita au zaidi, shinikizo la vena inayoingia kwenye ini limepanda. Chini ya hapo fikiria TB ya tumbo, saratani, au hizo figo zinazovuja. Kanda ya Ziwa kuna mtego: kichocho cha tumbo hupandisha shinikizo huku ini lenyewe bado linafanya kazi, kwa hiyo albumini ya damu inaweza kuwa karibu na kawaida.

ZUHURA: Tuje kwenye yurea. Nikiona millimoli 3 kwa lita, yaani iko chini, kwa mgonjwa wa sirosisi, naambiwa figo ziko salama.

BARAKA: Hapana, dada. Protini ikivunjwa inatoa amonia, ini linaigeuza yurea, figo zinaitoa. Ini likichoka, yurea haitengenezwi ya kutosha. Kreatinini, taka ya misuli tunayoitumia kupima figo, nayo inadanganya, maana misuli imekwisha. Ila yurea ikiruka ghafla na kreatinini imetulia, uliza choo cheusi: damu iliyomwagika tumboni inameng'enywa kama nyama, na amonia inapanda pamoja nayo.

ZUHURA: Halafu mnatuletea damu ya amonia imekaa saa nzima mezani! Chupa ya EDTA, ile yenye kemikali ya kuzuia damu kuganda, kwenye barafu, na plazima, yaani majimaji ya damu bila seli, itenganishwe ndani ya dakika 15 hivi. Ikichelewa, seli zinaendelea kutoa amonia humo humo chupani. Na usimfunge mkono kwa muda mrefu wala kumwambia akunje ngumi.

BARAKA: Tumesikia. Na jamani, tuache kumnyima mgonjwa wa sirosisi maharage na samaki kwa kuogopa amonia. Anahitaji protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo kwa siku, na chakula kidogo kabla ya kulala, la sivyo mwili unakula misuli.

ZUHURA: Na amonia ikimfanya aanze kuchanganyikiwa?

BARAKA: Laktulosi, dawa ya maji ya kulainisha choo, mililita 15 hadi 30 mara mbili au tatu kwa siku, mpaka apate choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Ukizidisha akaharisha, potasiamu inashuka, na figo zenyewe zinaanza kutengeneza amonia zaidi.