"Mnaongea Nini Muda Wote Ule?" Gumzo la Waendesha Baiskeli wa Chicago

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo, hamjambo? Leo narekodia jikoni. Nje kunanyesha, baiskeli nimeiegesha koridoni inachuruzika maji, na jirani wa chini ameshafungulia muziki, kwa hiyo mkisikia ngoma msidhani nimealika watu.

Ile video ya safari na kundi letu la baiskeli hapa Chicago, niliyofunga kamera kwenye usukani, imeniletea maneno. Shangazi zangu wa Ngamiani mmenijia juu: "Yaani umevuka bahari yote hiyo ukapande baiskeli? Si ungebaki hapa Tanga, baiskeli tunazo!" Shangazi, nakujibu kwa heshima zote. Gari hapa lina bima, lina maegesho ya kulipia, na siku za theluji unaamka mapema kulifukua kwa koleo. Baiskeli haina kesi hizo. Tena mtu aliyelelewa Tanga, ambako mwalimu, muuza samaki na bibi mwenye baibui wote wanapishana kwa kengele, ataona haya gani?

Lakini wengi wenu mliuliza lingine: hivi mnaongea nini muda wote ule? Maana kweli, ukiitazama ile video hakuna aliyefunga mdomo tangu tulipoanza mpaka tulipokaa kunywa kahawa, na upepo umeyala maneno yote.

Jamani, tunaongea barabara. Siasa ni kidogo sana. Mtu anakusalimu, halafu hapo hapo: "Umepita barabara ya Milwaukee leo? Wamefukua pale." Simu itakuonyesha njia fupi, sawa, ila simu haijui kwamba chini ya daraja la treni kuna shimo limejaa maji na juu linaonekana kama lami tu. Hilo utaambiwa na aliyetumbukia jana. Mimi mji huu nimeujua kwa kusikiliza watu wa baiskeli, na kundi letu ni la kila namna: dereva wa basi mstaafu, muuguzi Mfilipino, mama wa Kipolandi mwenye kikapu mbele, kijana wa Kimeksiko anayepeleka vyakula majumbani. Mkikaa nao ni baraza kabisa, tofauti yake baraza hili linatembea.

Mada namba moja, mwaka mzima, ni upepo. Sisi watu wa pwani tumekulia kwenye kaskazi na kusi, tunajua upepo una miezi yake. Huu wa hapa hauna adabu hiyo. Kuna njia ya baiskeli inafuata ukingo wa Ziwa Michigan, karibu kilomita 29, kutoka mtaa wa Ardmore kule kaskazini mpaka barabara ya 71 upande wa kusini. Ziwa lile ukilitazama utadhani ni bahari, ng'ambo huioni, ila maji yake hayana chumvi. Sasa majira ya kuchipua maji bado ni ya baridi kali, nchi kavu imeshapata jua. Hewa ya mjini inapata joto inapanda, ya ziwani inaingia kuchukua nafasi. Ndiyo ule upepo wa baharini tunaoujua Raskazone kule Tanga, isipokuwa huu unakuja na ubaridi wa kukutoa machozi. Umetoka nyumbani saa 4 na fulana, saa 8 unatafuta sweta. Watabiri wa hali ya hewa hapa wana maneno yao ya kila siku: "baridi zaidi karibu na ziwa."

Kwa hiyo gumzo la asubuhi ni hilo: upepo unatoka wapi leo? Na kuna kanuni ambayo wazee wa kundi wanaisimamia kama sheria ya msikitini, kwamba safari unaianza kwa kupingana na upepo ungali na nguvu, ili wakati wa kurudi ukusukume. Vijana wanaipuuza. Wanaanza na upepo mgongoni, wanajiona mabingwa wa dunia mpaka barabara ya 63, halafu kurudi ndipo unawakuta wameinama juu ya usukani, hata salamu hawaitikii.

Hizo barabara za namba msizishangae, hasa ninyi wa Ngamiani. Upande wa kusini mwa Chicago mitaa imepangwa kwa namba, ya 35, ya 63, ya 95. Kila mitaa 8 ni maili moja, yaani kilomita moja na nusu na ushee. Mtu wa barabara ya 12 pale kwetu akishushwa hapa hapotei.

Mada ya pili ni milango. Sizungumzii milango ya nyumba, nazungumzia ya magari. Njia nyingi za baiskeli mjini zimechorwa kwa rangi tu, pembeni ya magari yaliyoegeshwa. Mtu yumo ndani ya gari, anasoma simu, ghafla anafungua mlango, na wewe unakuja. Huo mlango ndio unaoogopwa kuliko lori. Ndiyo maana mliniona naendesha katikati ya njia badala ya kubana pembeni, na mmoja wenu akaandika kwamba nina kiburi. Si kiburi, kaka yangu, naupisha mlango ambao haujafunguka bado. Faini ya kumgonga mtu kwa mlango hapa Chicago inafika dola 1,000. Na kitabu cha sheria za barabarani cha jimbo la Illinois, tangu 2019, kinamfundisha dereva afungue mlango kwa mkono wa mbali. Dereva wa huku anakaa kushoto, kwa hiyo atumie mkono wa kulia. Ukifanya hivyo mwili wenyewe unageuka, macho yanaangalia nyuma utake usitake. Nyumbani tunakaa kulia, basi ni mkono wa kushoto. Jaribuni leo mkishuka kwenye gari, halina gharama.

Muuguzi wetu ana mazoea ya kutazama vioo vya pembeni vya magari yaliyoegeshwa. Akiona uso kwenye kioo, anapiga kengele. Nimemuiga.

Haya, wizi. Hapo kila mtu ana hadithi, na hapo ndipo kahawa inapopoa mezani. Kwanza, zile nyaya ndefu zenye kufuli ambazo mnaziona madukani kwa bei nafuu, wenyewe wanazicheka. Mkasi mkubwa unazikata haraka. Wanataka kufuli la chuma nene lenye umbo la U. Linapita kwenye fremu pamoja na gurudumu la nyuma, kisha kwenye kitu kilichozamishwa ardhini. Gurudumu la mbele kama lina ile klipu ya kufungua kwa mkono, litafutie mnyororo wake, la sivyo utarudi ukute baiskeli imepiga magoti.

Sasa sikilizeni hili. Wezi wa hapa wana mbinu ya nguzo. Nguzo ya alama ya barabarani inafungwa chini kwa bolti. Mwizi anakuja usiku, anailegeza bolti, anaiacha nguzo imesimama vile vile. Wewe unakuja asubuhi, unafunga baiskeli yako kwa kufuli la bei kubwa, unaondoka umeridhika. Yeye anarudi, anaing'oa nguzo na kuinyanyua, anachomoa baiskeli na kufuli lake. Ndiyo maana mtamwona mwendesha baiskeli wa Chicago kabla ya kufunga anaishika nguzo kwa mikono miwili na kuitikisa. Mpita njia asiyejua atadhani ana ugomvi nayo. Na jambo jingine wanalokukumbusha mpaka uchoke: pindua baiskeli, chini pale kwenye pedali kuna namba imegongwa kwenye chuma, ipige picha uihifadhi. Polisi bila hiyo namba hawana pa kuanzia. Fanyeni na ninyi, hata kama ni Phoenix ya babu.

Madaraja nayo yana gumzo lake. Mto Chicago katikati ya mji una madaraja yanayofunguka kupitisha mashua, na mengi sakafu yake ni wavu wa chuma, unaona maji chini. Tairi likipita juu yake linatoa mlio, na baiskeli inayumba kidogo kama ina mawazo yake. Mvua ikinyesha, chuma hicho kinateleza kama sabuni. Ushauri ni mmoja: usishike breki juu ya wavu, usikate kona, shikilia usukani kwa utulivu upite. Baadhi ya madaraja wameweka mabamba upande wa baiskeli, na mtu akitangaza kwamba daraja fulani limewekewa bamba, kundi zima linashangilia.

Pia kuna utani wa daraja la Navy Pier, lile gati la matembezi ziwani. Hilo ni daraja la juu la waendao kwa miguu na baiskeli. Ujenzi ulianza 2014 ukakamilika 2021. Mpaka leo mtu akichelewa kwenye miadi, hata kwa dakika chache, anaambiwa: "Wewe umejengwa na wale wa Navy Pier?"

Mada zinazonichosha? Zipo. Wapo wanaume, nao ni wanaume karibu wote, wanaoweza kuzungumzia uzito wa tandiko tangu asubuhi hadi adhuhuri. Gramu hizi, gramu zile, kaboni, gia ngapi nyuma. Mtu ametumia mshahara kupunguza uzito wa baiskeli kwa kiasi cha embe moja, na mgongoni amebeba mkoba wenye chupa mbili za maji asiyokunywa. Hapo mimi hurudi nyuma kwa mama wa Kipolandi tukaongelee achari.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi kuna mkusanyiko wao mkubwa, Critical Mass. Mtindo huo ulianzia San Francisco 1992, na Nairobi pia wanao. Hapa wanakutana jioni Daley Plaza, chini ya lile sanamu la Picasso, halafu wanatoka kwa wingi wakitembea taratibu kuzunguka mji, huku wakiwapigia kelele wapita njia: "Ijumaa njema!" Mtoto wa Tanga nikaitika kwa sauti yote kana kwamba ndiyo kwanza natoka msikitini. Raha ipo, sikatai. Ila wapo wanaojitolea kuziba makutano ya barabara ili msafara usikatike, na taa inageuka kijani kwa magari na magari hayaendi. Gari la mtu mmoja likisubiri hainiumi. Basi la watu wanaotoka kazini likikwama pale naona aibu, na nimewaambia. Dereva mstaafu aliniunga mkono, kijana wa Kimeksiko akapinga, tukabishana mpaka tukafika.

Kwa njia, mabasi ya hapa yana chuma mbele cha kubebea baiskeli mbili, bure, unaipakia mwenyewe. Treni nazo zinakubali baiskeli, isipokuwa siku za kazi saa 1 hadi saa 3 asubuhi na saa 10 hadi saa 12 jioni.

Safari niliyoipenda kuliko zote ni ile ya kusini, kwenye njia iliyopewa jina la Major Taylor. Kule utakutana na wazee Waamerika Weusi, suruali zimepigwa pasi, kengele zinang'aa, na mazungumzo yao yana mwendo mwingine. Mzee mmoja akaniuliza kama Afrika tunamjua Taylor. Nikamwambia anisimulie. Akasimulia kama anayemsema jirani yake: kijana mweusi, mzaliwa wa Indianapolis 1878, akawa bingwa wa dunia wa mbio za baiskeli kule Montreal 1899, wakati ambapo hoteli zilikuwa zinamnyima chumba na wapinzani walikuwa wanambana makusudi uwanjani aanguke. Alishinda mpaka Ulaya na Australia. Pesa baadaye ikaisha. Akafia hapa Chicago 1932, katika wodi ya maskini, akazikwa kaburi lisilo na jina. Mwaka 1948 waendesha mbio wa zamani, kwa pesa za mwenye kiwanda cha baiskeli cha Schwinn, walimfukua wakamzika upya kwa heshima, na jiwe lenye jina lake. Kwenye daraja la mto Little Calumet kuna mchoro wake mkubwa ukutani. Tulisimama hapo, mzee akatoa karanga mfukoni, akazigawa, akaendelea na malalamiko yake kuhusu goti.

Majira ya baridi kuna gumzo lake pekee, nalo ni chumvi. Wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi ile inaila cheni. Watu wa Tanga hilo hatufundishwi, hewa ya bahari imetumalizia rimu tangu utotoni. Wengi hapa wana baiskeli ya pili, kuukuu, ya kuteseka nayo msimu ule, na ile nzuri inalala ndani. Salamu ya Januari siyo habari za asubuhi. Ni "umeifuta cheni?"

La mwisho ni swali la mdogo wangu wa Chumbageni aliyetaka nimtumie baiskeli. Mdogo wangu, kuituma moja peke yake kwa ndege nauli itaizidi bei. Njia inayoeleweka ni kontena. Hapa kuna shirika linaitwa Working Bikes, wanakusanya baiskeli zilizotelekezwa, wanazikarabati, na nyingine wanazisafirisha kwenda Afrika na Amerika ya Kilatini. Pedali zinatolewa, usukani unageuzwa ulale sambamba na fremu, ndipo zinapangwa zikibanana kontenani. Mkitaka nirekodi nikiwa huko, semeni. Na wewe fundi, unayeziba pancha kwa beseni la maji chini ya mwembe, niandikie ni spea gani haipatikani kwenu, tena taja saizi. Siyo "tairi la kawaida". Kwenu la kawaida ni inchi 28, huku nikiuliza la kawaida wananiletea jingine kabisa.