"Rudi kwanza, nikawaulize watu": vyanzo vya sheria ya Kiislamu vikiwa kazini

Bismillahi Rahmani Rahim. Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Masheikh zangu, wazee wangu, mama zangu mlio upande wa pili wa pazia, na nyinyi vijana mliojaa pale mlangoni. Nimeombwa nizungumzie vyanzo vya sheria ya Kiislamu. Mtoto wa madrasa anavitaja kwa pumzi moja: Qur'ani, Sunna, yaani mwenendo na maneno ya Mtume, Ijmaa, yaani makubaliano ya wanazuoni, na Qiyasi, yaani kulipima jambo jipya kwa jambo lenye hukumu tayari. Ndugu zetu Mashia Ithnaashari, cha nne kwao ni akili. Sikuja kuwakaririsha mnayoyajua. Nataka tuvione vikifanya kazi, na nitaanza na bibi mmoja wa Madina ambaye hata jina lake halikuhifadhiwa.

Mjukuu wake amefariki. Bibi akashika njia hadi kwa Abubakar Siddiq, ambaye ukhalifa wake ulidumu tangu 632 hadi 634 tu, akadai fungu lake katika mirathi. Abubakar akamjibu: "Katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu huna kitu. Na katika Sunna ya Mtume sikujua kitu chako. Rudi kwanza, mpaka nikawaulize watu." Habari hii imo katika vitabu vya hadithi, Muwatta ya Imam Malik na Sunan ya Abu Daud.

Naomba tusiyapite haraka maneno haya. Kuhusu Kitabu alisema "huna kitu". Alikata. Kuhusu Sunna hakusema "huna kitu", alisema "sikujua". Kwa nini kauli mbili? Kwa sababu Qur'ani ina mipaka. Aya zake, kwa hesabu iliyo katika misahafu yetu mingi, ni 6,236, na zinazohusu hukumu moja kwa moja Imam Ghazali alizikadiria kuwa kama 500. Aya za mirathi zimo hasa katika Sura An-Nisaa, ya 11, ya 12 na ya 176. Mtu aliyeihifadhi anaweza kuipitia yote akasema, bibi hakutajwa kwa fungu lake. Lakini Sunna ilikuwa imetawanyika vifuani mwa watu. Huyu alikuwepo siku ile, yule alikuwa safarini. Abubakar, aliyekuwa na Mtume pangoni na katika hijra, alijua kwamba kuna siku ambazo yeye hakuwepo.

Akawauliza watu. Mughira bin Shu'ba akasema: "Nilihudhuria kwa Mtume, akampa bibi sudusi." Yaani moja ya sita. Abubakar hakuridhika na mmoja. "Je, yuko mwingine pamoja nawe?" Akasimama Muhammad bin Maslama akasema vilevile. Hapo ndipo bibi akapewa haki yake. Elimu yote ya hadithi iliyokuja baadaye, ya sanadi, yaani mlolongo wa waliopokea hadithi, na ya kuwachunguza wapokezi, mimi naiona imeshachungulia katika swali lile: yuko mwingine pamoja nawe?

Siku hizi kijana anapekua tafsiri katika simu, asipoona neno analolitafuta anatangaza, "Hakuna dalili." Ndugu yangu, Abubakar hakusema hivyo.

Kisa hakikuishia hapo. Zama za Umar bin Khattab akaja bibi mwingine, wa upande wa mzazi wa pili wa marehemu. Umar akamwambia: katika Kitabu huna kitu, na hukumu iliyopita ilikuwa ya mwenzako, nami si mtu wa kuongeza katika mafungu. Ila ni ile ile sudusi. Mkiwa wawili, gawaneni. Akiwa peke yake mmoja wenu, ni yake. Tazameni uangalifu wake: hakutunga fungu jipya, wala hakumfukuza bibi. Masahaba wakalikubali, wanafunzi wao wakalipokea, hata alipokuja mwanazuoni Ibn al-Mundhir, aliyefariki mwaka 318 Hijria, akaandika kwamba wanazuoni wamekubaliana kuwa bibi ana sudusi ikiwa mama wa marehemu hayupo. Hiyo ndiyo ijmaa. Wala si kura, wala si kwamba watu wengi wanapenda jambo fulani. Ni kwamba wajuzi wa zama moja wote wameitazama dalili wakafika mahali pamoja, na jambo likafungwa.

Sasa qiyasi, maana hapa ndipo watu wanapopotea. Tumezoea kufundishana kwa mfano wa pombe, kwamba bia imefananishwa na mvinyo kwa ulevi wake. Mfano huo mimi siupendi sana, kwa sababu Mtume mwenyewe alisema kila kinacholevya ni khamri, yaani pombe iliyoharamishwa. Kama hadithi ipo, qiyasi ya nini? Tuchukue mfano wa jikoni.

Mtume, rehema na amani zimfikie, alitaja vitu sita visivyobadilishwa kwa jinsi yake ila sawa kwa sawa, mkono kwa mkono: dhahabu, fedha, ngano, shayiri, tende na chumvi. Na aliletewa tende nzuri za Khaybar, zile ziitwazo janibu, akauliza, "Tende zote za Khaybar ziko hivi?" Wakasema hapana, sisi hutoa pishi mbili za tende za kawaida tukapata pishi moja ya hizi. Akawakataza. Uzeni zile kwa dirhamu, kisha mnunue janibu kwa dirhamu.

Haya. Mama mmoja hapa mtaani ana pishi mbili za chenga, mchele uliovunjika. Jirani yake ana pishi moja ya mchele mzuri wa pilau. Wabadilishane? Mchele haumo katika vile sita. Mwanazuoni anajiuliza: ni kitu gani katika ngano na tende kilicholeta katazo? Kitu hicho ndicho tunachokiita ila, yaani sababu ya hukumu. Imam Shafi akasema ila ni kuwa vyaliwa, ni chakula. Basi mchele umeingia, mahindi yameingia, na ndizi pia. Imam Malik akasema ni chakula cha kutegemewa kinachoweza kuwekwa akiba. Mchele umeingia, lakini ndizi imetoka, maana haikai. Ibn Hazm wa Andalusia, aliyefariki 1064, akaikataa qiyasi yote na kusema vitu ni sita, basi. Mnaona? Hakuna kati yao aliyeidharau hadithi. Wametofautiana katika kuisoma sababu yake. Na yule mama jibu lake kwetu sisi Mashafi ni lile la Khaybar: auze chenga zake apate shilingi, kwa shilingi anunue mchele anaoutaka.

Imam Shafi, aliyezaliwa Gaza mwaka 767 na kufariki Misri mwaka 820, ndiye aliyeupanga utaratibu huu katika kitabu chake Ar-Risala. Humo ana mfano ambao kila nikiusoma nautua moyoni. Anasema qiyasi ni mahali pa dharura, kama tayamamu, kujitwahirisha kwa vumbi: ni twahara kwa msafiri asiyepata maji, na maji yakipatikana, haiwi tena twahara. Mwenye hadithi sahihi mkononi akakimbilia qiyasi ni sawa na mtu anayejipaka vumbi pembeni mwa kisima.

Viko vyanzo vingine ambavyo madhehebu yanavizungumza: istihsani, yaani kuiacha qiyasi kwa hukumu iliyo bora, kwa Mahanafi, maslaha, yaani manufaa ya watu, na amali, yaani matendo, ya watu wa Madina kwa Malik, na desturi za watu. Hivyo vinataka usiku wake.

Nimalizie na kisa kizito zaidi. Mwanamke amefariki. Ameacha mume, mama, ndugu wawili wa kwa mama tu, na ndugu wawili wa baba mmoja mama mmoja. Mume nusu. Mama sudusi. Ndugu wa kwa mama thuluthi, yaani moja ya tatu. Haya ni mafungu ya Qur'ani, aya ya 11 na ya 12. Yajumlisheni: mali imekwisha. Wale wa baba na mama, ambao huchukua kinachobaki, hawana cha kuchukua. Walio karibu zaidi wamekosa, walio mbali kidogo wamepata.

Umar alihukumu hivyo kwanza. Kesi ya namna hiyo ikaja tena, na ndugu wa baba na mama wakamwambia: "Ewe Amiri wa Waumini, mfanye baba yetu kuwa ni punda. Je, mama yetu si mmoja?" Kwa hiyo hata leo mas'ala haya yanaitwa Himariyya, kutokana na himari, punda kwa Kiarabu. Umar akawashirikisha wote katika ile thuluthi. Akaambiwa: mbona mara ya kwanza hukufanya hivi? Akajibu: "Ile ni kwa tulivyohukumu, na hii ni kwa tunavyohukumu." Hukumu ya kwanza hakuitengua.

Malik na Shafi wamefuata hukumu yake ya pili. Abu Hanifa na Ahmad wamebaki na ile ya kwanza. Huku pwani, ambako makadhi wetu wamelelewa na Minhaji, kitabu cha fiqhi ya Kishafi cha Imam Nawawi, na ambako Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 170, imewaachia makadhi mirathi ya Waislamu wanaokubali kufika mbele yao, kadhi wa Kishafi atafanya hivi: mume nusu, mama sudusi, na thuluthi inagawanywa sawasawa kwa ndugu wote wanne. Kila mmoja, wa kwa mama na wa baba na mama, anatoka na moja ya kumi na mbili.

Nawaachieni nafasi ya maswali.