Nani Anashika Orodha? Mhadhara kuhusu kulegeza masharti ya vikoa maalumu

Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, kwamba anayeuza majina ya tovuti asiachiwe kuamua nani anastahili kuyapata, na mwenyekiti kaniomba leo nije na jipya. Sina. Kikoa ni ule mkia wa anwani ya tovuti, kama .com, na kikoa maalumu ni kile chenye masharti ya nani asajili jina humo; hayo mnajua, naruka.

Novemba 2000 ICANN, shirika linalosimamia vikoa duniani, ilipitisha vikoa saba vipya, .pro ikiwamo. Hiyo ilikuwa ya watu wenye leseni: madaktari, wanasheria, wahasibu, baadaye mainjinia. Ilipoanza kutolewa mwaka 2004 hukulipata jina hivi hivi. Ulikaa chini ya fani yako, yaani jina lako, kisha law.pro au med.pro, na leseni yako inahakikiwa kwanza. Mgonjwa akiona med.pro alikuwa na haki ya kuamini kuwa kuna mtu mahali fulani amekagua karatasi za huyu daktari.

Sasa sikilizeni vituko. Mwaka 2005, masharti yakiwa bado yamesimama, wakala mmoja wa Marekani, wa kusajilia watu majina, akaona upenyo. Kwenye daftari la usajili anaandikwa yeye wakala kuwa ndiye mwenye jina. Mteja asiye na leseni hata ya baiskeli analipa, analitumia. Ukiuliza kwenye karatasi, jina ni la wakala. Ukifungua tovuti, ni la mteja. Kelele zikapigwa, lakini mlango ulishajulikana haufungi. Mwaka 2008 ikaruhusiwa fani yoyote yenye leseni, popote duniani. Mwaka 2015 masharti yakafutwa kabisa. Leo unaandika jina, unalipa, unaondoka nalo. Na yule mwanasheria aliyepeleka leseni yake mwaka 2004 akidhani ananunua heshima? Yuko mtaa mmoja na kila mtu, na hakuna aliyemrudishia hata senti.

Najua kuna kijana hapo nyuma anasema moyoni: mzee, siku hizi watu wanatafuta Google, nani anaangalia mkia wa anwani? Tapeli anaangalia, mwanangu. Angekuwa haoni faida asingehangaika kusajili jina linalofanana na la chuo chako, akakutumia meseji ulipe ada humo.

Mwingine atasema mimi napenda kubana. Sipendi! Sharti lisilokaguliwa ni bora lifutwe, angalau watu wajue hakuna ulinzi. Ninachopinga ni mpangilio. Masijala ya kikoa, yaani anayeendesha daftari la majina yake, inapata fedha kwa kila jina linalosajiliwa, halafu hiyo hiyo ndiyo inaachiwa kuamua nani anafaa. Ni kama kumuuliza konda wa daladala kama gari limejaa. Lini alikujibu ndiyo?

Kuna .jobs pia. Ilianza 2005, kampuni isajili jina lake na kutangaza nafasi zake basi. Mwaka 2010 bodi ya ICANN ikakubali majina ya jumla, yasiyo ya kampuni. 2011 ICANN hiyo hiyo ikaiandikia masijala kwamba imevunja mkataba. Hadithi ndefu, na mwenyekiti ananionyesha saa.

Niwape iliyolegezwa vizuri: .edu, kikoa cha vyuo vya Marekani. Kabla ya 2001 ilikuwa ya vyuo vya miaka minne. Oktoba mwaka ule ikakabidhiwa EDUCAUSE, jumuiya ya vyuo ya Marekani, vyuo vya jamii vya miaka miwili vikaingizwa. 2003 ukapanuliwa tena uwanja, chuo chochote cha Marekani kilichoidhinishwa na chombo kinachotambuliwa na Wizara yao ya Elimu. Waliokuwamo kabla ya mabadiliko wakaachwa na majina yao, ndiyo maana .edu utaikuta hata nje ya Marekani. Mmeona tofauti? Walioruhusiwa wameongezeka, lakini orodha haishikwi na anayeuza majina. Wizara haipati kitu chuo kikisajili jina.

Kwetu Tanzania ni rahisi zaidi kuliko watu wanavyodhani. Chuo kikiomba jina la ac.tz, kikoa cha vyuo vyetu, orodha ipo: vyuo vikuu viko TCU, tume inayovisimamia, na vya kati viko NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Ukitaka kulegeza, legeza makaratasi, mihuri, barua za kuzungushana wiki nzima. Angalia orodha, toa jina siku hiyo hiyo. Na chuo kikifutiwa ithibati, jina lirudi; hapo ndipo nilitaka kukaa, lakini naona kipaza sauti kinachukuliwa. Haya, maswali.