Kufungua Shujaa wa Plastiki Bila Kumvunja Shingo

ZUHURA: Karibuni tena, wapenzi wa sanamu. Leo tunaingia kazini moja kwa moja, maana ujumbe mwingi tulioupata unauliza jambo lilelile: mtu ana sanamu ya shujaa, ya plastiki, anataka kuibadilisha kichwa, kuipa mikono mingine, pengine kuchanganya miili miwili iwe mmoja. Anaogopa kuivunja. Kaka Idi, huyu aanzie wapi?

IDI: Aanze kwa kuitazama, dada. Kisu chini, bisibisi chini. Aishike penye mwanga mzuri, aizungushe polepole. Kiwandani iliunganishwa kwa mpangilio: miguu ikapachikwa kiunoni, kiuno kikawekwa kwenye nusu ya kifua, mikono ikalazwa mahali pake, nusu ya pili ikaja kufunika. Wewe unarudi kinyumenyume. Ukijua kilichoingia mwisho, umejua kinachotoka kwanza.

ZUHURA: Na macho yake yatafute nini?

IDI: Mshono. Kifua cha sanamu nyingi ni vipande viwili, mbele na nyuma, na pale vinapokutana kuna mstari mwembamba unaotoka shingoni, unapita begani, unashuka ubavuni mpaka kiunoni. Wakati mwingine rangi imeuficha, lakini ukipitisha ukucha utausikia. Halafu tazama mgongoni. Kuna skrubu? Kama ipo, kazi yako imekuwa nyepesi mno. Kama haipo, ndani kuna vijiti vya plastiki vilivyoshindiliwa kwenye matundu yake, au gundi, au vyote viwili.

ZUHURA: Kwenye skrubu hapo lazima tuwataje G.I. Joe, wale askari wa plastiki. Kampuni ya Hasbro iliwatoa kwanza mwaka 1964, warefu wa inchi 12, karibu sentimita 30. Lakini wanaopendwa na sisi watu wa kufungua ni wale waliokuja 1982, wadogo, inchi 3 na robo tatu. Wale wana skrubu moja mgongoni, basi.

IDI: Skrubu moja, na ukiitoa mwili wote unalegea mkononi. Hebu tuwaeleze, maana hapa ndipo mtu anapoelewa sanamu inavyofikiriwa na aliyeibuni. Ukitoa skrubu, mgongo unanyanyuka. Kichwa kinatoka, mikono inatoka, hakuna hata tone la gundi. Ndani unakuta pete ya mpira mweusi. Upande mmoja imeshikwa kifuani, upande wa pili imepita katikati ya kipande cha kiuno na kushika ndoano ya chuma iliyobeba miguu yote miwili. Mpira ule ndio unaovuta miguu ikae mahali pake, na ndio unaomfanya askari ajikunje kiunoni na kugeuka. Miaka mingi ikipita, mpira unakauka na kukatika, na mtu anadhani sanamu imekufa. Haijafa. Unaweka pete mpya ya ukubwa uleule, unafunga, anasimama.

ZUHURA: Na kufunga kwenyewe kuna ufundi. Skrubu imejichimbia njia yake ndani ya plastiki. Ukiirudisha kwa kuikaza tu, inaweza kuchimba njia ya pili juu ya ile ya kwanza, na ukirudia mara kadhaa tundu linalika, skrubu haishiki tena. Iweke, uizungushe kwanza upande wa kufungua, taratibu, mpaka uisikie ikidondoka kidogo. Hapo imekaa kwenye njia yake ya zamani. Sasa kaza, na uache pale inapoanza kugoma.

IDI: Na bisibisi iwe saizi yake. Bisibisi ndogo kuliko skrubu inakula kichwa cha skrubu, na kukitoa baadaye ni mateso.

ZUHURA: Haya, tuje kwa zisizo na skrubu, ambazo ndizo nyingi. Watu wanavunja wapi?

IDI: Shingoni. Anakishika kichwa, anakizungusha kikiwa baridi, kijiti kinakatika, kichwa kinabaki mkononi na tufe ya kiungo, ile ya mviringo juu ya kijiti, imebaki ndani yake. Plastiki baridi ni ngumu na inakatika. Joto ndilo linalofanya kazi hii. Nguvu za mkono ni za kusaidia tu.

ZUHURA: Lakini joto lenyewe lina kipimo, na kipimo kinategemea plastiki. Kichwa, viganja, joho, nywele, mara nyingi ni plastiki iitwayo PVC, iliyotiwa kilainishi. Ukibonyeza kwa ukucha inaitika kidogo. Hiyo ukiitia kwenye maji yaliyotoka kuchemka inalegea mpaka inakuwa mpira. Plastiki nyingine, ABS, ni ngumu zaidi, ukiigonga mezani inatoa mlio mkavu. Utaikuta sana kwenye vifua na silaha. ABS huanza kulegea kwenye nyuzi 105 hivi, na maji yanachemka kwenye 100. Ndiyo maana maji ya moto yanakulegezea kichwa na kukiachia kifua umbo lake.

IDI: Na ndiyo maana sipendi kabisa mtu atumie ile mashine ya hewa ya moto ya kuondolea rangi ya milango. Ile inapita nyuzi 300. Uso wa sanamu unayeyuka kabla hujahesabu. Draya ya nywele inatosha, na inafaa hasa pale ambapo hutaki maji, kwa mfano sanamu yenye taa au betri ndani. Hiyo usiitumbukize popote. Stika nazo maji ya moto yanazibandua.

ZUHURA: Twende hatua kwa hatua kwenye kichwa.

IDI: Chemsha maji, yatoe jikoni, yamimine kwenye bakuli lenye kina. Usiichemshie sanamu juu ya moto, maana kitako cha sufuria kina joto kuliko maji yenyewe na plastiki ikikigusa inaharibika. Igeuze kichwa chini, izamishe mpaka mabegani, ngoja kama dakika mbili. Itoe kwa koleo, ifunge kitambaa, shika kifua kwa mkono mmoja na kichwa kwa mwingine. Sasa usizungushe. Kiegemeze kushoto, kulia, huku ukivuta juu, polepole. Utakisikia kinapanda, kinapanda, halafu kinaachia ghafla. Kikigoma, kirudishe majini. Kinachogoma mara ya tatu kinakwambia kuna gundi, au shingo na kifua ni kipande kimoja, na hapo unabadilisha mpango.

ZUHURA: Napenda hapo uliposema kinapanda. Mkono unaujua ule mwendo. Ukiizoea hiyo hisia, huhitaji tena saa ya kukwambia dakika ngapi. Na kurudisha ni vivyo hivyo: pasha kichwa kipya, sukuma, halafu tia kwenye maji ya barafu ili plastiki ishike umbo.

IDI: Mara moja. Kikiachwa kipoe chenyewe kimekaa upande, kitabaki upande.

ZUHURA: Sasa kifua. Mimi kifua ndicho ninachokipenda, kwa sababu ukishakifungua umefungua kila kitu: mabega yanatoka mazima, kiuno kinatoka, huhitaji kukata kiungo hata kimoja.

IDI: Na ndipo watu wanapokosa subira.

ZUHURA: Kweli. Mimi napasha kwanza, ili hata gundi kama ipo ipungue ukaidi. Kisha nachukua kisu chenye makali membamba sana, naanzia ubavuni, chini ya kwapa, maana pale mkono wa sanamu unaficha alama. Sikati. Naweka makali juu ya mshono na kuyabembeleza yaingie, milimita moja hivi, naenda urefu wote wa mshono, narudi. Mshono ukishakuwa na mdomo, naingiza kitu bapa kisicho na makali, kabari ya plastiki, naigeuza kidogo. Unasikia tak. Kijiti kimoja kimeachia tundu lake. Unasogea mbele, unapasha tena, tak nyingine. Ukiona plastiki inabadilika rangi na kuwa nyeupe, simama hapo hapo. Weupe ule ni plastiki inayovutwa kupita uwezo wake, na hatua inayofuata ni ufa.

IDI: Na makali yaelekee mbali na kiganja. Usiishike sanamu kiganjani huku unasukuma kisu kuelekea kidoleni. Ilaze mezani, juu ya kitambaa kisichoteleza. Vaa miwani, kwa sababu ncha ya wembe ikikatika inaruka.

ZUHURA: Mtu wa magoti na viwiko je? Ameandika anataka mguu wa sanamu moja uende kwenye nyingine, na goti lina pini.

IDI: Atazame pande zote mbili za goti. Zile zenye pini ya chuma au ya plastiki inayoonekana, mara nyingi upande mmoja pini ni pana kuliko mwingine. Pasha goti, weka kijiti cha chuma chembamba upande mwembamba, gonga taratibu, itokee upande mpana. Ukigonga upande usio wake unapasua goti. Lakini sanamu za siku hizi, Marvel Legends zikiwemo, nyingi zimeundwa bila pini ya kuonekana. Kiungo kimefungiwa ndani ya mguu wenyewe. Hapo ningemshauri aache goti, avue mguu mzima nyongani au akate pajani.

ZUHURA: Mimi sikubaliani na kukata pajani haraka hivyo.

IDI: Kwa nini?

ZUHURA: Kwa sababu ukikata paja umepoteza urefu, upana wa msumeno peke yake unakula plastiki, na kuunganisha tena kunataka waya ndani na nje epoksi, ile inayochanganywa ikakauka ngumu. Nyingi zina mzunguko wa paja, ule mstari unaouzunguka mguu juu. Ukipasha, paja linaweza kutoka pale bila msumeno. Ajaribu hapo kwanza. Msumeno uje mwisho.

IDI: Nakubali. Kama kuna mzunguko, atumie mzunguko. Ila akilazimika kukata au kusaga, asisage pakavu akivuta lile vumbi. Msasa wa maji, barakoa, meza ifutwe kwa kitambaa kibichi. Na moto wa kiberiti au mshumaa usikaribie PVC. Ikiungua inatoa gesi ya haidrojeni kloridi, inachoma koo na mapafu.

ZUHURA: Na asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha?

IDI: Inayeyusha ABS. Mtu anataka kutoa rangi, anatumbukiza mkono wa sanamu kwenye asetoni, anakuta uji. Kwa rangi nyingi za kiwandani aanze na spiriti, kwenye pamba, mahali pasipoonekana.

ZUHURA: Tukiwa kwenye rangi, moja muhimu sana. Rangi nyingi za kopo la kupuliza hazipatani na PVC laini. Kile kilainishi kinatoka taratibu kwenye plastiki, kinaingia kwenye rangi, rangi inabaki inanata miezi na miezi. Akriliki ya maji, tabaka jembamba jembamba, ni salama zaidi. Na viungo visagwe kidogo kabla ya kupakwa. Rangi ina unene. Kiungo kilichokuwa kinapita kwa shida kabla ya rangi kitaikwangua yote siku ya kwanza ukikikunja. Vipande vikiwa vimetengana, nafasi hiyo unaitengeneza kwa dakika chache. Ikishafungwa, huifikii tena.

IDI: Kuna swali la mwisho ninalolichukulia kwa uzito. Msikilizaji ana sanamu ya zamani, kamili, silaha zake zote, anauliza kama aifungue aibadilishe. Mimi nasema asiifungue. Mpira uliokatika abadilishe, hiyo ni kuitunza. Lakini kuchinja kifua cha sanamu kamili ya miaka 40 ili upate mikono yake, hapana. Tafuta mwili chakavu, usio na kichwa, uliokatika mguu. Hiyo ndiyo ya kufanyia kazi.

ZUHURA: Nitaongeza tu kwamba za zamani nyingine hazistahimili hata bisibisi. Zile Transformers za mwisho wa miaka ya 1980 na miaka ya 1990 zenye plastiki ya rangi ya dhahabu inayometameta, plastiki ile inazeeka vibaya, inapasuka ukiikunja tu. Usiipashe, usigonge pini. Iache isimame ilipo.

IDI: Halafu yule aliyeuliza kuhusu kichwa kilicholegea baada ya kubadilisha?

ZUHURA: Apake supa gluu kiasi kidogo mno juu ya ile tufe ya shingo, aieneze, aache kichwa pembeni. Usiku mzima. Ikikauka kabisa inaongeza unene na kichwa kinabana. Akikirudisha gundi ikiwa mbichi, hakitageuka tena.

IDI: Na vipande vyote vilivyobaki aviweke kwenye mifuko na kuandika, wa kushoto, wa kulia. Viungo vya mabega vinafanana mpaka unapojaribu kuvifunga.

ZUHURA: Kipindi kijacho ni epoksi: kuchanganya, kuchonga misuli, na kufunika mishono tuliyoifungua leo.